Fundi Mudathiru na Miguu Iliyokataa Kulala

Huko Majengo, Gisenyi, ipo nyumba ambayo ukuta wake wa chumbani una shimo, na shimo hilo lilitobolewa na mguu wa kulia wa Mudathiru fundi nguo, mwenyewe akiwa usingizini. Anayebisha aende akatazame. Waliliziba kwa udongo, likazibuka. Wakaweka simenti, mguu ukaitema. Sasa wametundika kalenda.

Mguu wenyewe haukuwa na ubaya, ulikuwa na mazoea tu. Mudathiru alikalishwa mbele ya cherehani na baba yake kabla hajaota ndevu, na tangu hapo miguu yake haikujua kazi nyingine ila kukanyaga: kisigino, kidole, kisigino, kidole. Alishona sare za shule za wilaya nzima. Alishona makanzu, magauni ya maharusi, mapazia ya ofisi, na majoho ya kwaya za makanisa matatu yasiyosalimiana. Uzi wote aliopitisha kwenye sindano ile, ukiukusanya, unaufunga shingoni mwa volkano kama mbuzi na kuivuta mpaka sokoni, nayo itakuja. Usiku akilala, miguu iliendelea taratibu chini ya blanketi, kama paka anayekandakanda mkeka. Mkewe Umutoni, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Faradji, aliizoea kama anayeishi kando ya ziwa anavyozoea mawimbi.

Halafu Faradji, mtoto wao mkubwa, akaleta maendeleo.

Alitoka Kigali na mota ndani ya mfuko. Akang'oa kichwa cha cherehani, akakifunga kwenye meza mpya ya mbao, akaunganisha waya. Ile miguu ya chuma ya cherehani, pamoja na kanyagio lake na gurudumu lake, akampa mwenye hoteli moja ya ufukweni, ambaye aliipigilia ubao juu, ikawa meza ya wageni kuwekea vinywaji.

"Papa, sasa utapumzika," akasema Faradji. "Unagusa hapa na kidole ya mguu. Ni hiyo tu."

Mudathiru akagusa. Cherehani ikalia kama nyuki aliyepakwa pilipili, na pazia likaisha kabla hajameza mate. Kazi ya asubuhi nzima ilikuwa inakwisha chai haijapoa. Mikono ikafurahi. Miguu ikabaki pale chini ya meza imekaa tu, kama wageni waliofika wakakuta sufuria zimeshaoshwa.

Usiku huohuo ikaanza. Haikukanyaga tena kwa upole wa paka. Sasa ilikanyaga kazi yote iliyonyang'anywa mchana. Blanketi lilikuwa linafika jikoni kabla ya adhana. Umutoni alipigwa teke la paja, akapigwa la nyonga, akaweka mto katikati kama mpaka. Asubuhi pamba ya mto ilikutwa kwenye birika. Siku ukuta ulipotoboka, na jirani akachungulia upande wa pili na kuwaamkia "Mwaramutse", Umutoni alifunga mzigo.

Alisimama mlangoni, kitambaa kichwani. "Baba Faradji, mi nakupenda. Miguu yako, hapana. Naenda kwa dada, kule Kanzenze. Siku itajua kulala, nitarudi."

"Na kama haijui?"

"Basi uoe punda. Ye atajua kujibu."

Akapanda moto, pikipiki ya abiria, akaenda zake.

Mudathiru alibaki na nyumba, na nyumba haikumtosha. Alikunywa chai amesimama. Akikaa, anainuka, akiinuka, anasahau alichoinukia. Mteja akija kupimwa, fundi anamzunguka na futi ya kupimia kama mbuzi anayezunguka kigingi, mpaka mteja anaona kizunguzungu na kuondoka bila suruali. Akajaribu kuifunga miguu kitandani kwa futi hiyohiyo. Asubuhi kitanda kilikuwa mlangoni, kimekwama, kimegeukia upande wa Kanzenze.

Kisha ikapita voiture, gari yenye vipaza sauti juu, ikipiga kelele mtaa hadi mtaa kwamba mwezi wa kumi na mbili kutakuwa na marathoni, wakubwa kwa wadogo, kuanzia ufukweni na kumalizikia ufukweni.

"Hiyo mbio ni ya wapi na wapi?" Mudathiru akamuuliza mwanawe.

"Papa, ni mbali. Kilomita arobaini na mbili na kitu. Mutu anakwenda Nyamyumba, anarudi, anapanda kule kwa Bugeshi, anashuka tena. Watu wanafika miguu imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa. Wengine wanabebwa."

Macho ya Mudathiru yakang'aa kama ya mtu aliyeambiwa habari za dawa. "Andika jina yangu."

"Papa, una miaka karibu sitini."

"Miaka iko kwa kichwa. Miguu sijawahi kuiuliza."

Basi akaanza mazoezi, na alianza wakati mbaya kuliko yote. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, katikati ya umuhindo, mvua zile zinazovuka kutoka Congo bila kuonyesha karatasi kwa mtu. Asubuhi haikuwa asubuhi. Ilikuwa usiku uliochelewa kuondoka. Ukungu ulishuka kutoka volkano ukakaa barabarani kama ng'ombe asiyetaka kupisha, na upepo wa ziwa ulipenya hata tundu la kifungo. Wenzake wakitoka sala ya alfajiri walirudi kwenye mablanketi yao. Yeye alivua kanzu, akaipachika msumarini, akaingia gizani.

Nguo za mazoezi alijishonea mwenyewe: kaptula ya vitambaa vilivyobaki vya sare, upande mmoja kaki na upande mmoja buluu, na fulana yenye bitana ya pazia. Na kwa kuwa baba yake alimfundisha kwamba tumbo likipata baridi miguu hugoma, alijifunga kitenge tumboni, chini ya fulana, akazungusha na kuzungusha mpaka akawa mnene kama ngoma. Kitenge alikitoa kwenye sanduku la mkewe, kile cha ndege wa buluu alichovaa Umutoni kwenye harusi ya dada yake. Alijiambia amekichagua kwa sababu ni kizito. Sandukuni vilikuwamo vizito kuliko hicho. Hicho ndicho kilichokuwa kimebaki na harufu yake.

Sasa, kwa watu wa mbali, mzee anayekimbia gizani na tumbo la kitenge ni kichekesho tu. Lakini Gisenyi mpaka umekaa uani kwa watu kama jirani, na vitenge vya Goma hupenda kuvuka alfajiri, vimefungwa viunoni mwa watu, chini ya nguo, bila kupita kwa mtu wa ushuru. Wanaovivusha wanaitwa wachorachora, na wanajua kukimbia. Mudathiru aliyajua hayo tangu utoto. Ila nani ameona kisogo chake? Mtu akijijua hana kosa, hupita katikati ya kijiji na moto mkiani akidhani wanamsifia nuru.

Asubuhi ya kwanza, alipopita chini ya mtaa wa Mbugangari akielekea ziwani, akasikia filimbi nyuma yake. Akatupa jicho: tochi, makoti marefu, viatu vya mpira vinapiga matope. Ilikuwa irondo, walinzi wa usiku wa mtaa, na mkubwa wao Sibomana mbele, mtu mpana aliyepuliza filimbi kwa mashavu yote mawili. Walipiga kelele za kumsimamisha, lakini upepo ulikula maneno ukamwachia filimbi tupu.

Mudathiru alikuwa amesikia redioni kwamba kwenye marathoni kubwa watu husindikiza wakimbiaji kwa filimbi ili kuwatia moyo. Akaguswa. Akainua mkono juu kushukuru, akaongeza mwendo wasije wakaona wamepoteza pumzi bure.

Kesho yake wakamngojea. Wakatoka uchochoroni wengi zaidi, filimbi zaidi. "Hawa watu wana moyo," akajisemea, akaongeza tena. Sibomana alikimbia mpaka koti lake likalowa likawa zito, akalivua, likabaki limesimama lenyewe barabarani, na waliopita asubuhi wakalisalimia.

Kwa hiyo hakuna mwalimu wa mbio aliyemfundisha Mudathiru, ila Sibomana. Mlinzi alimfukuza kando ya ziwa mpaka njia ya Nyamyumba, alimfukuza kwenye vilima vya Rugerero, na mvua ilipokuwa ya kumwaga kwa ndoo alimfukuza vilevile, kwa sababu jambo hilo sasa lilikuwa limemwingia moyoni.

"Kuna mumoja, chef," alimwambia Gitifu, yaani mkubwa wa akagari, ofisi ya serikali ya mtaa, "sijaona muchorachora sawa ule. Mutu muzee. Tumbo hivi. Kila siku anapita, na anatusalimia. Ananizarau."

Kila asubuhi njia ya Mudathiru ilipita mbele ya ile hoteli ya ufukweni. Viti vilikuwa vimeegeshwa, mvua inadondoka, na pale ukingoni, chini ya ubao, kanyagio lake la chuma lilikuwa linamngoja limeloa. Hakuwahi kusimama. Aligeuza uso kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyokatazwa kuingia. Lakini miguu ililiona. Hapo kila siku ilijikwaa, hata pasipo na jiwe.

Jumapili moja hakwenda ziwani. Akakimbia mpaka Kanzenze.

Umutoni alikuwa mbele ya nyumba akichambua maharage na dada yake Uwimana. Alimwona anakuja kutoka mbali, kaki upande na buluu upande, na hakuinuka. Alitazama miguu.

"Shemeji, karibu," akasema Uwimana. "Nani anakufukuza?"

"Hakuna mutu. Nafanya marathoni."

"Yewe. Kwa miaka yako?"

"Miaka iko kwa kichwa," akasema Mudathiru, akakaa kando yake kwenye benchi, akashika magoti kwa mikono miwili kama anayeshika kuku wawili wa kuuza.

Umutoni akaona vidole vya miguu vimechubuka, kucha moja imekuwa nyeusi. Alichemsha maji, akatia chumvi, akaleta beseni, akapiga magoti, akaanza kumwosha kama anavyooshwa mgeni wa mbali. Mudathiru akafumba macho. Miguu ikatulia. Ilitulia kweli. Maji yalikuwa ya moto, mkono ulikuwa ule anaoujua, na kwa muda wa kuchambua maharage ya kiganja kimoja alikuwa mtu mwenye mke.

Halafu kisigino kikaanza. Kisigino, kidole, kisigino, kidole. Beseni likaruka likamfunika jogoo. Benchi likaanza kutembea, Mudathiru na shemeji yake juu yake, likapita mbele ya jiko, likaingia kwenye migomba, na Uwimana hakuacha kuchambua maharage mpaka kichwa chake kilipogonga mkungu.

Umutoni alisimama na taulo mkononi. "Bado," akasema.

"Nitapanda Bugeshi," Mudathiru akasema kutoka kwenye migomba. "Kule ndiko inakufa."

"Panda. Mi niko hapa."

Akapanda Bugeshi. Baridi ya Bugeshi humenya kiazi bila kisu, na ng'ombe wa kule hukamuliwa maziwa yakiwa yameshajifunika. Alipanda kwenye vijia vya matope kati ya mashamba, volkano ya Karisimbi juu yake haijaonekana hata mara moja, mawingu tu, na watu wanaochimba viazi wakiinua vichwa kumtazama anavyopita kama mtu aliyesahau kitu upande wa pili wa mlima. Mapafu yalimuuma, masikio yalimuuma. Miguu haikumuuma. Ikirudi nyumbani usiku ilitaka tena.

Ikabaki kama wiki moja kabla ya mbio. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito wa kukata na mkasi. Mudathiru alikuwa anapanda kutoka ziwani, na nyuma yake filimbi ilikuwa inalia vibaya, kwa kukatika, kama jogoo mwenye kifua. Akasikia mtu anakohoa. Akasikia mwingine anaomba wapumzike. Moyo ukamsuta. Watu hawa wamenisindikiza mvua zote hizi, akawaza, na mimi hata majina yao sijauliza. Ndiyo adabu niliyofundishwa?

Akasimama. Akageuka. Akafungua mikono.

"Asalam aleikum, bandugu. Poleni na mazoezi."

Sibomana alikuwa amejiandaa kwa kila kitu. Alikuwa na fimbo, alikuwa na kamba, na mtu mmoja alitumwa kuzunguka nyuma. Kupewa mkono hakujiandaa. Akaupokea. Wenzake nao wakapanga foleni, wakampa mkono mmoja mmoja, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha wakamkamata.

Ofisini Gitifu alikuwa binti mwenye koti kubwa na baridi ya kuamshwa mapema. Wakamkalisha Mudathiru kwenye kiti, wakainua fulana, wakaanza kukunjua. Kitenge kikatoka na kutoka. Ndege wa buluu wakajaa meza, wakashuka sakafuni, Sibomana akiwakusanya kama mtu anayevuna.

"Muzee," akasema Gitifu, "hii kazi umeianza lini?"

"Nashona tangu mutoto."

"Siulizi kushona. Kila asubuhi unakimbia unaenda wapi?"

"Siendi. Narudi."

"Unarudi kutoka wapi?"

"Kule naendaka."

Gitifu akajikuna paji la uso. "Nani anakutuma?"

Mudathiru akafikiri, maana hakuwa mtu wa kusema uongo ofisini. "Miguu."

"Bon. Nani anaweza kukusemea?"

"Bibi yangu."

"Iko wapi?"

"Kanzenze."

"Anafanya nini Kanzenze?"

"Analala."

Walinzi wakaangua kicheko, Sibomana tu hakucheka. Ikapigwa simu kwa Uwimana, Mudathiru akiendelea kueleza kwamba anakimbia gizani ili bibi apate kulala. Mudathiru akakaa akisubiri, na kusubiri kwake mnakujua. Alijua Umutoni anaweza kukata simu na kuendelea na maharage yake. Alijua anaweza kuja na kusema simjui huyu. Na kubwa kuliko yote, alijua kwamba mbio zimekaribia na yeye amekaa kwenye kiti cha ofisi, na wakimfungia ndani, miguu haitakufa, na Kanzenze itamla mke wake moja kwa moja.

Umutoni alifika na moto, matope mpaka magotini. Hakumtazama mumewe. Alitazama meza.

"Mama," akasema Gitifu, "hii kitenge unaijua?"

Umutoni akakishika. Akakinusa, akarudisha kichwa nyuma. "Ni yangu. Ya harusi ya dada yangu. Nimeiacha ndani ya sanduku." Ndipo akamgeukia Mudathiru. "Katika vitenge vyote, Baba Faradji?"

Mudathiru akatazama chini. "Ingine haikuwa na joto."

Umutoni alijua sanduku lake. Akaanza kukunja kitenge polepole kuliko kinavyohitaji.

"Basi si magendo," akasema Gitifu. "Ni wizi wa ndani ya nyumba, na huo hatuna ofisi yake. Lakini ye anasema anakimbia gizani ili wewe ulale. Ni kweli?"

Walinzi wote wakasogea karibu wapate kusikia vizuri. Umutoni akatazama mlango, akatazama dari. Ya kitandani kusemwa mbele ya viatu vya mpira vya watu. Lakini alimwona mumewe amekaa pale, fulana juu, kitovu nje, amekonda.

"Ni kweli," akasema. "Ananipiga mateke."

Gitifu akasimama, koti likaanguka. "Anakupiga?"

"Usingizini, chef."

"Mama, usimufiche. Hapa tunasaidia."

"Simufichi. Muiname mutazame chini ya kiti."

Wakainama. Sibomana akawasha tochi. Kule chini, kila mguu kwa zamu, bila mwenyewe kujua, bila haraka na bila kukoma: kisigino, kidole, kisigino, kidole. Sakafu ya simenti ilikuwa imeshaanza kuonyesha alama.

"Eeeh," akasema Sibomana polepole. "Iko nashona."

Hapo kesi ikaisha yenyewe. Gitifu aliamuru Mudathiru avae kizibao cha irondo kinachong'aa, apate kujulikana gizani. Sibomana alikaa kwenye benchi akaanza kuvua kiatu.

"Donc mvua zote hizi, nilikuwa nafukuza mushonaji wa nguo."

"Unanifukuza?" Mudathiru alishtuka kweli. "Mi nilijua unanisindikiza."

Nje, mvua ilikuwa inaanza tena. Umutoni akamsimamisha mumewe chini ya bati, akamwinua mikono kama mtoto, akamfunga kitenge upya, akivuta kila mzunguko mpaka pumzi imtoke.

"Umeifungaka kama mwanaume," akasema. Halafu, akiwa bado nyuma yake ili asionane naye uso kwa uso: "Siku ya mbio nitakuja na mzigo yangu. Nitasimama kule mwisho. Sitatazama uso yako. Uso yako najua itanidanganya. Nitatazama miguu. Kama imelala, tunaenda nyumbani. Kama inacheza, narudi Kanzenze, na usikuje tena kunimwagia beseni."

Siku ya mbio ilikuwa na manyunyu na baridi ya kung'ata. Vijana walisimama mbele na viatu vyenye soli nene kama mikate. Mudathiru alisimama nyuma ya wote, kizibao kinang'aa, tumbo la ndege wa buluu, na bunduki ya kuanzia ilipolia yeye peke yake aligeuka kutazama kama kuna anayefukuza.

Akaenda Nyamyumba. Moshi wa maji ya moto ulikuwa umekaa juu ya ziwa, wavuvi wakamwambia wenzake wameshapita zamani, akawaambia ndiyo, hana shida nao. Akarudi. Akaanza kupanda. Na kwenye mpando ule mrefu wa kuelekea Bugeshi, mahali ambapo barabara inasimama kama ukuta, miguu ikasema neno. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaisikia. Ilisema: Fundi, basi.

Furaha iliyompata haina kipimo. Ilimpata kwa pumzi moja tu, kisha hofu ikaishika mkono. Kwa sababu Umutoni hakusimama pale. Umutoni alisimama ufukweni. Miguu ikifia kwenye mpando wa Bugeshi, ikapumzika, ikapandishwa gari na kuletwa mjini, itafika imeshaamka. Akasukuma goti kwa mkono. Halikwenda. Akalisema kwa upole, akalitukana. Mvua ikamwagika juu ya kichwa chake na yeye amesimama kama mti wa simu.

Njia panda ya juu kidogo walikuwa wamemweka Sibomana kuzuia moto zisiingie barabarani. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, amechoka na baridi. Akakiona kizibao kile na tumbo lile vinachomoza kwenye ukungu. Hakufikiri. Mkono ulikwenda kwenye filimbi wenyewe, mashavu yakajaa yenyewe.

Miguu ya Mudathiru iliposikia filimbi ile, ilisahau kwamba imekufa.

Alimpita Sibomana kama bahasha iliyopeperushwa, na Sibomana, kwa mazoea yaleyale, akaacha jiwe lake na moto zake na kumfuata. Wakafika kule juu, wakageuka, wakashuka vilima vyote, mmoja akipuliza na mmoja akikimbia. Watu wa Rugerero wanasema wale wawili walipita vijana wengi walioketi kando ya barabara wakilia, na mbwa waliotaka kubweka wakaahirisha. Hayo ni ya Rugerero. Lililo hakika ni kwamba walipofika ufukweni utepe ulikuwa umeshakunjwa, mshindi alikuwa ameshaoga, na watu walikuwa wanabeba viti.

Umutoni alikuwepo. Mzigo chini, mwavuli juu. Hakumtazama uso.

Mudathiru alipita mstari uliokuwa umebaki chokaa tu kwenye maji ya mvua, akapiga hatua zake za mwisho kama mlevi anayetafuta mlango, akashika kiti cha kwanza alichokiona, akakaa. Kilikuwa kiti cha hoteli. Alilaza shavu kwenye ubao wa meza, na kabla shavu halijafika alikuwa amelala. Miguu ikajivuta chini ya meza, ikapapasa, ikapata kanyagio, ikakaa juu yake mahali pake pa zamani.

Sibomana alianguka kwenye mchanga pembeni akabaki hapo.

Umutoni alifunga mwavuli. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mumewe, akainama kutazama chini ya meza. Miguu ilikuwa imelala juu ya chuma, imevimba, matope mpaka juu. Akangoja. Mvua ilidondoka kutoka kwenye ubao, tone kwa tone. Akangoja tena, maana aliijua, ingeweza kuwa inamdanganya. Haikutikisika.

Basi. Alikuwa na haki ya kufurahi, na alijaribu. Alivuta mzigo karibu, akakaa sawa, akatazama ziwa. Lakini kulikuwa kimya mno. Tangu alipoolewa hakuwahi kumwona amelala bila miguu ile kwenda, na sasa alijikuta anamwinamia kusikiliza pumzi. Kwa dada Kanzenze pia kulikuwa kimya hivihivi. Hakumwambia mtu kwamba kule Kanzenze hakulala hata usiku mmoja.

Akavua kiatu. Akapeleka mguu wake chini ya meza, akaweka kidole kwenye pembe ya kanyagio, akasukuma kidogo. Gurudumu likalia kwa kutu. Miguu ya Mudathiru ikapanda, ikashuka, naye hakuamka, akatoa tu pumzi ndefu.

Mhudumu wa hoteli akaja na sinia. "Mama, munakunywa nini?"

"Leta fanta," akasema Umutoni, bila kuinua kichwa. "Na utembee polepole. Iko mutu analala hapa."

Na mguu wake ukaendelea: kisigino, kidole, kisigino, kidole.